Mupaka ya Chai na Mandazi

Mama mwenye atasoma hii, kama kesho mutu anakuambia serikali itakulipa juu unalima shamba yako mwenyewe, kwanza ingia ndani, kunywa maji, hesabu batoto yako kama bako bote, kisha njo utoke umusikilize. Mimi sikufanya vile. Habari ile ilinikuta njiani na kitunga ya mihogo juu ya kichwa, nikacheka vile mihogo yote ilimwangika kwa barabara.

Ilikuwa mwaka ya 2001. Vita ilikuwa imetufukuza mara mbili kwa kilima yetu, kule juu ya barabara inatoka Butembo kuenda Beni, na mara mbili tulirudia tukakuta majani imemeza mashamba. Serikali ya siku zile ilikuwa inakaa Beni. Kinshasa tulikuwa tunaisikia tu kwa redio, sawa shangazi mwenye aliolewa mbali. Bwana yangu, Baba Tamar, alikuwa ameenda Isiro kutafuta biashara ya mafuta, mwaka na nusu, barua moya. Aliniachia batoto sita na shamba. Ile shamba njo ilikuwa chakula yetu yote: juu maharagwe na mahindi, katikati mihogo, chini karibu na kijito ndizi yenye baba yake alipandaka. Siku anaondoka alisema, "Mama Tamar, nikirudia nikute shamba vile iko." Hakusema anikute mimi. Nilimusamehe, juu ata mimi, basoda bakipiga risasi, nilikuwa ninawaza batoto, kisha shamba, kisha yeye.

Mwenye alileta habari ni jirani yangu Agar, anauzaka makala ya kupikia kule Beni. Aliniokotea mihogo huku anaongea.

"Mama Tamar, serikali inalipa."

"Inalipa nani?"

"Sisi. Balimaji."

"Juu ya nini?"

"Juu ya kulima."

"Lakini tunalima."

"Njo maana inalipa."

Nikamuangalia macho kama imekunywa. Haikukunywa. Alikuwa na papier, karatasi ya bureau ya serikali, imekunjwa ndani ya kikwembe ya kiuno, na tuliisoma pale pale kati ya mihogo. Mujini chakula ilikosa, mashamba ililala, donc, basi, kila shamba yenye mwenyewe amerudia kulima itapewa dola makumi mbili na jembe mupya. Kubwa ao kadogo, haikusema. Agar aliisoma mara tatu, kidole chini ya kila neno, kisha akasema polepole, "Haikusema kubwa ao kadogo, Mama Tamar."

Njo pale kichwa ya kilima muzima iligeuka.

Musikilize vizuri hapa, juu hapa njo tulianguka. Agronome wa bureau, ule bwana shamba wa serikali, hakuwa na kamba ya kupima. Angepita na pikipiki, aangalie mipaka. Akiona mupaka, ameona shamba. Akiona mutu na jembe ndani, ameona mwenyewe. Na kwetu mupaka si ukuta, si senyenge. Ni muramura, ule muti ya majani ndefu: unakata kipande, unaichomeka ndani ya udongo, inashika. Mais lakini haipandwake ovyo. Mwenye kutoa na mwenye kupokea banasimama, majirani banaitwa baone na macho yao, na kasiksi, ile pombe ya ndizi, inanywewa pale pale juu ya mustari. Ikishanywewa, hakuna mukono ya kung'oa. Kisha mwenye shamba mupya anapeleka mbuzi kwa chef wa kilima, tunaiitaka muhako, na mambo imekwisha, ata bajukuu habatauliza.

Kila mutoto wa kilima anajua hii. Mimi nilikuwa ninaijua kushinda jina yangu.

Mais ile wiki, ungetuona. Muramura ilikosa. Batu banashuka usiku, banapanda asubui na matawi mabegani sawa siku ya Matawi. Kipande yenye unatupiaka mbuzi ikaanza kuuzwa, kisha ikaanza kuibwa, kisha mutu akaweka mulinzi kwa uzio yake. Agar alikata shamba yake vipande ine. Muzee moya alikata yake saba, akapotea ndani, bibi yake akamuita kutoka juu amuonyeshe njia. Shemasi wetu Eliezer aligawa bustani ya vitunguu ya kanisa tatu, na tulipomuuliza alisema ni Utatu.

Mimi nilikaa siku ine sikate kitu. Nilikuwa ninaogopa. Ninaogopaka mingi: mvua ikikuya mingi, mvua ikikosa, mutoto akikohoa, mutoto akinyamaza. Siku ya tano shemeki yangu Ésaïe alikuya, mudogo ya bwana yangu. Ésaïe anasukumaka chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba muzigo, kichekesho ya njia yote, jembe hajaishikaka tangu azaliwe.

"Shemeki, wewe yako unaikata ngapi?"

"Yangu haikatwe."

"Shemasi amekata Utatu, wewe unaogopa?"

"Ninaogopa kaka yako."

"Kaka yuko Isiro. Kwanza tunakata ya uongo. Bureau ikishalipa, unaing'oa, unapikia sombe ya mihogo na kuni yake."

"Muramura haing'olewe."

"Yenye imenywewa kasiksi," akasema, na akainua kidole. "Wewe uko Muprotestanti. Kasiksi haijaingiaka kwako ata kwa harufu. Donc mupaka yako haiwezi kushika. Kilima yote, ni wewe tu mwenye unaweza kukata bila hatari."

Mama, nilisikia akili yangu inainuka sawa mutoto kwa mugongo anataka kushuka. Tano mara makumi mbili. Masomo ya Tamar, mabati, dawa ya yule wa tano. Nikasema, "Mbele ya batu, kila mutu atasema kwa sauti kama ni ya kuonyesha tu." Ésaïe akasema, "Ata mara mbili."

Tukakata tano. Juu kabisa, yangu. Ingine ya Agar, mwenye alikuwa na hamu ya shamba ya tano sawa mutu wa mimba. Ingine ya binamu yangu Élise. Ingine ya shemasi Eliezer, juu shemasi hawezi kuniibia. Na chini, kwa ndizi na kijito, ya Ésaïe, ni ndugu ya bwana, nani atamusemea mubaya. Tulipanda asubui muzima tunaimba. Kila mutu alisema kwa sauti: ya kuonyesha tu. Ésaïe alisema mara mbili, mukono juu ya kifua.

Sasa, njo hii. Batu bamelima mistari ine tangu jua inatoka. Utabaacha na njaa? Mimi niko mama, mutu akipita tu kwangu ninamuuliza kama amekula. Nilikuwa nimepika birika mbili ya chai, maziwa na sukari ndani, na mandazi makumi sita. Shamba yetu iko inateremuka, hakuna fasi ya kukaa tambarare kama si kwa udongo mupya wa mupaka. Tukakaa pale, kwa mustari, mupaka moya kisha ingine, sahani inashuka kwa mikono. Majirani banakuya kuuliza harufu inatoka wapi, ninabapa. Kasiksi, ata tone moya. Nilikuwa ninajiangalia, ninajisifu. Na juu ya yote, shemasi Eliezer akasimama, sukari kwa midomo, akaombea chakula, na maombi ikamubeba: akaombea ndizi, akaombea mihogo, akaombea mipaka hii isimame imara. Tukasema amina. Mimi nilisema yangu kwa nguvu kushinda bengine.

Agronome alifika siku ya tatu, kijana mwembamba wa miwani, jina yake Kamate, vumbi kufikia nyusi. Kilima ilikimbia siku ile, bamama, haijakimbia vile ata mbele ya basoda. Mutu anasimama kwa shamba ya kwanza, anaandikwa, pikipiki inazunguka barabara, yeye anakata kwa njia ya mbuzi, anatokea kwa shamba ya pili amevaa kofia. Agar alikuwa na vitambaa tano vya kichwa ndani ya kitunga. Alipofika kwa kipande yake ndani ya shamba yangu alikuwa na ya manjano, anahema sawa mivukuto ya muhunzi.

Kamate akamuangalia. "Mama, sikukuona kule nyuma?"

"Uliona ndugu yangu. Tuko mapasa, tumbo moya."

"Nilimuona mara mbili."

"Tuko batatu."

"Batatu habaitwe mapasa."

"Mama yetu hakujua kuhesabu, chef. Tulitoka tu."

Kamate akainamia register yake, mabega inatikisika. Akaandika. Sijue kama alicheka ao alilia, mais aliandika.

Kwa Ésaïe, chini, aliuliza, "Hii ndizi ni ya nani?"

Ésaïe aliegemea jembe. Sauti yake ilibadilika. "Ni baba yangu alizipanda, chef. Alianza mwaka nilizaliwa. Kila shina iko na jina." Na akaanza kuzitaja, moya moya, kwa Kinande, majina ya ndizi zenye mimi, miaka kumi na mitatu ndani ya ile nyumba, sikuzijuaka. Nikasema ndani ya moyo, shemeki anaigiza vizuri.

Na serikali ililipa. Usicheke. Tulikuwa tunazania ni maneno ya papier, na wiki ya tatu tuliitwa, tukapewa dola, majembe inangaa mafuta bado juu yake. Tulirudia tunaimba, majembe inagongana, mutu anacheza na yake kama bibi harusi. Tulipatana kila mutu abakize dola tano, kumi na tano inarudia kwangu. Agar alirudisha. Élise alirudisha, akaomba moya ya sukari. Shemasi alirudisha ndani ya bahasha ya matoleo.

Ésaïe alikuya jioni, nyumba imejaa, majirani bote kwa baraza. Akaweka makumi mbili muzima kwa mukono yangu.

"Toa tano yako, shemeki."

"Hapana. Shika yote. Batu baone kama nimekupa yote."

"Wewe unakula nini?"

"Mimi nimeshiba."

Nilimushika mukono nikamuzungusha pale ndani kama tuko kwa ndoa. Nilisema mbele ya batu bote, "Shemeki kama huyu, habazaliwe tena." Bakapiga makofi. Bamama, andika hii kwa ukuta yako: mutu mwenye anakataa franga mbele ya batu, amenunua kitu. Mimi nilikuwa ninacheza.

Asubui nilishuka kuchota maji. Ésaïe alikuwa ndani ya ndizi, amevua shati, anakata majani makavu, na miti ine ya nyumba imeshasimama. Bibi yake Rébecca alikuwa amekalia ndoo, ananyonyesha.

"Shemeki, unafanya nini?"

"Ninasafisha kwangu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Ésaïe, mwenye anachekaka ata kwa matanga.

"Unacheza."

"Jana nimepeleka mbuzi kwa chef Maliro," akasema. "Muhako imelipwa. Makumi mbili nilikulipa mbele ya batu makumi tatu, na ukacheza. Ya mupaka unajua mwenyewe."

Ndoo ilinitoka mukono, ikashuka kilima, na nikaifuata, na kutoka kule nikakimbia tu kufika kwa kyaghanda, ile nyumba ya barza fasi chef anasikiliza mambo.

Chef Maliro alikuwa na furaha mwezi ule yenye haijaonekanaka kwa chef wa kilima. Mipaka mupya kila fasi, na kila mupaka mbuzi. Bamoya bamelipa kwa woga, na nyuma ya nyumba kulikuwa kelele ya mbuzi, batu babili banasimama mulango na mbuzi zao. Kilima yote ilijaa mule ndani, juu kila mutu alijua vile mambo yangu itakatwa, na yake itakatwa vile. Nilieleza yote. Ésaïe alisimama upande ya pili, kofia kwa mukono.

"Mupaka ilipandwa?" chef akauliza.

"Ilipandwa, papa, mais ya kuonyesha."

"Kuonyesha nani?"

"Serikali."

"Serikali iliona?"

"Iliona."

"Donc ilionyeshwa vizuri."

Batu bakaanza kucheka chini chini.

"Papa, kasiksi haikunywewa. Ata tone."

"Kulinywewa nini?"

"Chai."

"Kavu?"

Agar, kule nyuma, akasema, "Ya maziwa, papa."

"Na sukari?"

"Na sukari," nikasema.

"Na kitu ya kutafuna?"

"Mandazi."

"Ngapi?"

"Makumi sita."

Chef Maliro alishika goti zake. "Mama Tamar, kwa mupaka ya baba yangu kulinywewa kibuyu moya, na kulikuwa batu bane, moya kipofu. Iko inasimama leo. Wewe ulilisha kilima kushinda ndoa, juu ya mustari, na unaniambia haikushika? Kasiksi si dawa. Ni batu balikula pamoya pale. Na kuliombewa?"

Kila kichwa iligeuka kwa shemasi Eliezer. Shemasi aliangalia majani ya paa.

Njo cheko ilinikamata. Si furaha, sijue ni nini, ilipanda tu kutoka kwa tumbo, na kilima yote ikacheka na mimi, muzee wa mashamba saba akapanguza macho. Nilicheka huku ninaona ndizi zangu zinaenda.

"Mipaka ine imeshika," chef akasema. "Kila mwenyewe alete mbuzi yake."

"Shamba gani?" Agar akasema mara moya. "Mimi sina shamba kwa Mama Tamar. Mbuzi moya ni dola makumi mbili na tano."

"Ata mimi sina," Élise akasema.

"Mimi niko mutu wa mbinguni," shemasi akasema.

"Mwenye hataki, atang'oa yake na mukono yake mwenyewe, mbele ya bale bale balikula, na atakula tena na mwenyewe shamba. Bila ile, mbuzi."

Agar alishaanza kukimbia kwa mulango. Alikuwa na mipaka mingi ya kung'oa.

Kukabakia Ésaïe. Nilitoa makumi mbili ndani ya kikwembe, nikamunyooshea mbele ya bote. Hakuishika. Nikaongeza ingine makumi mbili. Nikaongeza jembe.

"Shemeki, bakia na yako," akasema. Hakuniangalia. "Kaka alipewa shamba yote, juu njo mukubwa. Mimi nilipewa kofia ya baba. Hii hapa. Nimezaa batoto batatu chini ya kofia."

Hakuna mutu alicheka pale. Ilikuwa kweli. Tulikuwa tunacheka hii kofia miaka kumi.

Chef Maliro akakuna ndevu. Akaniambia polepole, "Mama Tamar, muramura inashika kwa mwenye ana haki ya kuipokea. Kama huyu si mutoto wa mwenye alipanda zile ndizi, sema sasa, ninamurudishia mbuzi yake, mambo inakwisha."

Ningeweza kusema neno. Si uongo mukubwa. Kuna batu kwa kilima banasemaka mambo juu ya mama ya Ésaïe na mwaka ile alikimbiliaka Mutwanga, mbali na bwana yake. Ningesema tu, "Sijue." Nilifungua midomo. Niliona batoto yangu sita, na mihogo peke yake kwa sahani. Kisha nikawaza Ésaïe anataja ndizi moya moya, na mimi sijuaka ata moya.

"Ni mutoto wake," nikasema.

"Basi," chef akasema.

Ile wiki nilipika mandazi mara tatu. Agar aling'oa yake, tukakula. Élise aling'oa, tukakula. Shemasi aling'oa na akakataa kuombea chakula. Alisema tukule tu kimya kimya. Kilima muzima ilikuwa vile: kung'oa na kula, kung'oa na kula, moshi kwa kila shamba, batu banapita na matumbo imejaa banaulizana, "Leo ni kwa nani?" Dola ya serikali iliingia ndani ya unga na mafuta na sukari. Haijakulwaka vile kwetu, ata Noeli ya mbele ya vita. Kama ungepita kwa barabara ile siku, ungesema hapa kuko amani.

Mimi nilibakia na shamba bila chini yake. Baba Tamar bado hajarudia. Nimeanza barua mara ine. Ninafika kwa "ndizi" ninapasua. Tamar anasema niandike tu, mama, papa anaongea mingi mais haumake mutu. Hamujue baba yake.

Ile siku ya kwanza baada ya kyaghanda, maji ilikwisha ndani ya nyumba. Nilishuka na ndoo. Njia ya kijito inapita katikati ya ndizi, haina ingine. Nikasimama kwa mustari ya muramura. Ilikuwa imeshatoa majani mupya, mafupi, ya kijani sana. Nikakohoa, sawa vile unakohoaka kwa mulango wa batu.

Rébecca akatoka ndani ya kajumba yake. "Ni nani?"

"Ni mimi, jirani. Ninaomba njia."

Ésaïe akainua kichwa kati ya majani. Tuliangaliana. Jasho ilikuwa inamutoka kama mutu wa jembe wa kweli.

"Pita, shemeki," akasema. "Mais kama umebeba mandazi, ukule kule kwako."

Nikacheka vile nilikalia ndoo. Na yeye, ndani ya ndizi, alikuwa anacheka, na mutoto wake akaanza kucheka juu ya kuona sisi. Kisha nikasimama, nikainua kikwembe yangu isiguse majani ya muramura, na nikavuka.